Ndege ya Kazi Tatu

Manyunyu ya Machi yalikuwa yakigonga bati la karakana huko Schaerbeek, mtaa wa Brussels, Josias Kabeya alipotandaza michoro ya kale juu ya meza na kuisoma kama mtu asomaye barua ya marehemu. Josias alikuwa fundi wa injini za ndege, mzaliwa wa Likasi, aliyefanya kazi miaka mingi katika uwanja wa ndege wa Lubumbashi. Brussels ilimpokea kwa kazi ya kuwahudumia wazee katika nyumba moja kule Laeken. Ni siku za Jumamosi tu mikono yake ilipopata kushika chuma.

Karakana ilikuwa ya chama cha wapenzi wa ndege, kilichoongozwa na Madame Viviane, mhandisi mstaafu. Walikuwa wakiijenga upya ndege ya kivita iliyobuniwa kati ya vita vikuu viwili, ikaundwa moja tu, kisha ikavunjwa. Kisa chake kilikuwa humo michoroni. Mwanzoni jeshi liliagiza ndege nyepesi ya kupambana angani. Kabla haijakamilika, likataka ibebe na mabomu. Mabawa yalipokwisha kuimarishwa, likataka kiti cha pili na kamera ya kupiga picha ngome za adui. Kila barua ya jeshi iliongeza uzito, na kila uzito ukadai injini kubwa zaidi. Siku ya majaribio ndege ilinyanyuka kama kuku aliyefukuzwa shambani, rubani akairudisha chini mbio mbio. Jasho la miaka minne likaenda na maji.

Chama nacho kilikuwa kikielekea mle mle. Huyu alitaka bunduki zake, yule mabomu yake, mwingine kamera. Walibishana miaka saba na ndege haina hata mkia. Ndipo Josias, ambaye hakuwa msemaji, akasema.

"Ndege hii haikuuawa na adui. Iliuawa na watu walioitaka kwa mambo mengi mno. Tuchague moja."

Madame Viviane akachukua kalamu, akafuta mabomu, akafuta kamera. Tangu siku hiyo kazi ikaenda kama maji mteremkoni. Injini ikapangiwa kuwashwa mbele ya wageni Jumamosi ya kwanza ya Juni, na Josias akapewa heshima ya kuiwasha.

Lakini mganga hajigangi. Kule Lubumbashi mkewe, Alphonsine, alikuwa akimngoja mwaka wa kumi na moja. Binti yao Ornella, aliyeachwa akitambaa, sasa alikuwa akimsomea baba yake mashairi ya shuleni kwa simu. Kila Jumapili baada ya ibada Josias aliketi dirishani akimsikiliza mkewe simuni akisonga bukari, yaani ugali, na mwiko ulipogonga sufuria, hamu ya kwao ilimjaa.

Mwezi wa Aprili, Alphonsine alimpigia na habari njema. Kampuni ndogo ya ndege ilitafuta fundi mkuu. Yeye mwenyewe alikuwa amepeleka vyeti vya mumewe, na vimekubaliwa. Aripoti tarehe mosi Juni. Josias alilia kama mtoto. Hata hivyo, Jumamosi iliyofuata, alipoiona injini inang'aa, ulimi ulimwia mzito, akashindwa kuaga. Aliiandikia kampuni kuomba wiki mbili zaidi. Haikujibu, naye akauchukua ukimya kuwa ni ndiyo. Kwa Madame Viviane alisema yupo. Kwa mkewe alisema yuko njiani.

"Papa Ornella, sema kweli," Alphonsine alimwuliza mwishoni mwa Mei kama kweli anakuja. "Uko nakuya ao hapana?"

"Niko nakuya," alijibu.

Siku ikawadia. Injini ilikohoa mara mbili, kisha ikanguruma hadi vioo vikatetemeka. Watu walipiga makofi, na Josias, mafuta hadi viwikoni, alihisi moyo wake umeota mabawa. Makofi yalipotulia, simu ikalia.

"Bon, Papa Ornella," mkewe alisema polepole. "Ile kazi, balishaipatia muntu mwingine. Balikungojea juma muzima. Na miye nilishachoka kungojea. Usinipatie tena tarehe."

Alikata bila hasira, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi.

Madame Viviane alimkuta ameegemea ukuta, akamwuliza kulikoni. Josias akamweleza yote.

"Kwa nini hukuniambia?" akauliza Madame Viviane. "Injini ilikuwa tayari tangu katikati ya Mei. Tungeiwasha wakati wowote."

Wageni walikuwa wakipiga picha kando ya ndege, wakimwita Josias asimame nao katikati. Akaenda, akasimama, macho yake yakitazama juu ya vichwa vyao, upande wa kusini. Injini alikuwa nayo. Nyumba ilikuwa imekwenda. Mshika mbili, moja humponyoka.