Waliotolewa Kabla ya Neno la Mwisho

Nimetumiwa hii asubuhi, nimeshindwa kukaa nayo peke yangu. Tafadhali isome mpaka mwisho. Ukiishia katikati utafanya kosa lile lile la watu wa hadithi hii.

Zamani, Wakristo wa kwanza walipokuwa wakisakwa, aliishi katika mji mmoja wa Misri mfumaji nguo aitwaye Horioni. Askari walipomkamata, woga ulimzidi, akaifukizia sanamu uvumba na kumkana Kristo. Alipoachiwa alirudi kanisani akilia.

Desturi yao ilikuwa kali, na mimi inanikera hadi leo. Waliotubu makosa makubwa walikaa karibu na mlango, na mahubiri yakifika katikati walitolewa nje. Msimu ule mhubiri wao, mzee Amoni, alikuwa akirudia kila Jumapili waraka mmoja wa Maandiko Matakatifu wenye onyo zito: aliyeonja neema kisha akaanguka, haiwezekani kumrudisha tena. Onyo likiisha kusomwa, mlango unafunguliwa, Horioni na wenzake wanatoka.

Horioni akakonda. Alijiona ameshahukumiwa, na akaogopa kuwaponza mkewe Tasia na binti yao aliyekuwa akingoja ubatizo. Akafunga nguo zake, akaenda kumuaga mzee.

"Baba, naondoka. Mnitunzie mwanangu."

"Nani amekufukuza?"

"Waraka unaotusomea."

Mzee akamuuliza kama anajua maneno yanayofuata lile onyo.

"Sijui, Baba. Hapo ndipo mnapotutoa."

Uso ukamshuka mzee Amoni. Ni yeye aliyekuwa akitoa ishara mlango ufunguliwe. Akamketisha Horioni, akamsomea palipobaki. Kumbe mwandishi anawageukia wale wale aliowatisha, anawaita wapenzi, anasema ana hakika na wokovu wao.

"Ungekuwa umepotea kabisa, mwanangu, nani angehangaika kukuonya?"

Horioni alilia tena, ila safari hii moyo ulikuwa mwepesi. Akarudi nyumbani na furushi lake begani. Tasia alipouliza lina nini, akamwambia ni nguo za kufua.

Jumapili iliyofuata hakuna aliyetolewa mpaka neno la mwisho liliposomwa.

Funzo: Mungu humwonya mtu ili arudi, si ili akimbie, basi ukimsomea mwenzako onyo, usimfungulie mlango kabla hajasikia kwamba anapendwa.