Mzee Punda na Ua Unaohama

Paukwa!

— Pakawa!

Aka! Hiyo ni sauti ya watu walioshiba au ya watu wanaosinzia? Na ninyi wazee mlioegemea ukuta, nanyi mwitike. Paukwa!

— Pakawa!

Kaondokea Punda, kajifunga kamba, kavuta miiba ikawa nyumba.

Hadithi hii alinipa shangazi yangu Mbuke, tukipukuchua mahindi. Kila akifika mahali fulani, mkono wake ulisimama na gunzi hewani, akatazama kule malishoni, kisha akasema, "Enzi hizo, wanangu." Mimi nilidhani anapumzisha vidole. Sasa nimekuwa mtu mzima, najua alikuwa anazitamani enzi hizo.

Hapo zamani za kale, wanyama wa kufugwa walikuwa bado hawajafugwa. Walijichunga wenyewe. Katika mbuga ya Kirindi waliishi wanne: Bi Ng'ombe, Bi Kondoo, Bwana Beberu na Mzee Punda. Waliishi pamoja, wakala pamoja, wakalala pamoja. Na nje yao aliishi Fisi.

Wanne hao walikuwa na ua. Lakini ua wao haukuwa kama nyua mnazozijua ninyi. Haukuwa na mizizi. Ulikuwa wa matawi ya mgunga, yenye miiba mirefu kama vidole, yamefungwa vipande vipande kwa kamba za magome. Vipande ishirini. Ukiviunganisha, ni ua. Ukivifungua, ni mzigo wa Punda.

Waliingia ndani ya ua, wakala. Siku ya kwanza nyasi zi magotini. Siku ya pili zimeshuka. Siku ya tatu Mzee Punda anainamisha kichwa, anapima kwa mguu wake.

"Zimefika kwatoni?" wanamuuliza.

"Zimefika."

"Basi tuhame, Mzee."

Punda anajifunga kamba kifuani, anavuta. Kwaru, kwaru, kwaru! Kipande kimoja, anarudi. Kipande cha pili, anarudi. Na wenzake wanamwimbia. Imbeni nami:

*Vuta, Mzee, vuta,*
*nyuma nyasi zipumue.*
*Vuta, Mzee, vuta,*
*mbele nyasi zatungoja.*

Wakahama hivyo, hatua kwa hatua, wakaizunguka mbuga nzima. Walipofika tena pale walipoanzia, mvua ilikuwa imekwisha kunyesha, samadi imezama ardhini, na nyasi zimempita Bi Kondoo mgongo, masikio tu yanaonekana. Naye Fisi alihangaika. Leo ameona tundu katika ua, moyo wake unafurahi. Kesho anarudi: tundu halipo, na ua wenyewe haupo!

Enzi hizo, wanangu. Maziwa yalikuwa na harufu ya majani mabichi. Hakuna aliyekohoa. Hakuna aliyejua kwamba anaishi vizuri.

Basi mwaka mmoja Bi Ng'ombe akashika mimba. Tumbo likawa kubwa, miguu ikavimba. Siku hiyo walikuwa wamefika kwenye chemchemi, mahali pazuri kupita pote. Maji yako karibu, kivuli kipo, nyasi laini. Bwana Beberu akapanda juu ya jiwe, akatikisa ndevu.

"Jamani, sisi ni wanyama gani wa kuhamahama kila siku ya tatu?" akasema. "Hapa pana maji. Hapa pana kivuli. Tupande minyaa, tuwe na ua wenye mizizi. Tukae kama watu wenye heshima zao."

Mzee Punda akasema, "Nyasi hazina miguu, Bwana Beberu. Sisi ndio tuna miguu."

"Wewe unapenda kuvuta tu! Mbeba miiba weee!"

Bi Kondoo akacheka. Bi Kondoo hucheka wenzake wakicheka. Kisha wote wakamgeukia Bi Ng'ombe.

Bi Ng'ombe alimtazama Punda. Alijua Punda anasema kweli. Lakini miguu ilikuwa inauma, na mtoto alikuwa anacheza tumboni. Akasema, "Mzee wangu, nimechoka. Nataka nizae mahali pamoja, nilale."

Basi ikawa hivyo. Wakapanda minyaa kuzunguka chemchemi, ua mpana kuliko ule wa zamani, wakaacha mlango mmoja. Vile vipande ishirini vya miiba wakavitupa kando, juani. Mzee Punda wakamwambia, "Pumzika sasa, kazi imekwisha."

Punda akapumzika siku ya kwanza. Akapumzika siku ya pili. Siku ya tatu akainamisha kichwa, akapima nyasi kwa mguu wake. Hakuna aliyemuuliza. Akasimama hapo mpaka jua likamfika mgongoni. Kisha akachukua kipande kimoja cha miiba, akajifunga, akatoka mlangoni. Kwaru, kwaru, kwaru. Hakumuaga mtu. Na hakuna aliyemwita.

Bi Ng'ombe akazaa wakati wa manyunyu. Akamwita mwanawe Manyunyu. Ndama mweupe, pua nyeusi, mkia hautulii. Mwezi wa kwanza wakafurahi kweli. Minyaa ikakua, ikawa mirefu. Beberu akatembea huku na huku akisema, "Si niliwaambia?"

Mwezi wa pili nyasi zikafika kwatoni. Hakuna aliyepima. Mwezi wa tatu wakala mashina. Mwezi wa nne wakala mizizi. Mwezi wa tano, ukikanyaga ni tifu, ukikanyaga ni tifu! Samadi ikarundikana, nzi wakaja, chemchemi ikawa tope. Bi Kondoo akaanza kukohoa. Kho! Kho! Nyasi zilikuwapo, lakini mbali, ng'ambo ya uwanda mtupu waliokwisha kuumaliza. Na mlango ulikuwa mmoja. Na Fisi aliujua.

Hakujificha tena. Alikuja mchana kweupe, akaketi mbele ya mlango, akakunja miguu kama mgeni aliyekaribishwa.

"Hamjambo, wenyeji?"

"Unataka nini?" Bi Ng'ombe akauliza.

"Mimi? Sitaki kitu. Nakaa tu. Zamani mlinichosha, leo huku, kesho kule. Sasa tumetulia sote." Akamtazama Manyunyu kupitia minyaa. "Mtoto amekonda, mama. Pole."

Bi Ng'ombe, kwa pembe zake, aliweza kutoka na kurudi. Lakini ndama hakuweza. Mama alikwenda mbali, akarudi na matone ya maziwa. Manyunyu alikuwa hasimami tena bila kumwegemea mtu. Mkia umetulia.

Asubuhi moja Bi Ng'ombe akamwambia Bi Kondoo, "Dada, nishikie mtoto. Bwana Beberu, simama mlangoni na hizo pembe zako. Mimi nakwenda kumtafuta Mzee Punda."

Beberu akaenda, akasimama mlangoni.

Bi Ng'ombe akatembea, akatembea. Vumbi tu. Akatembea tena. Mara akaona mbele yake doa la kijani. Akalifikia: nyasi za magotini. Akaona doa la pili, la tatu, yamefuatana kama nyayo. Akayafuata. Mwisho akasikia: kwaru, kwaru, kwaru.

Mzee Punda alikuwa anavuta kile kipande kimoja. Amezeeka. Kamba imemla manyoya kifuani.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mama." Hakusimama.

"Unamzungushia nani ua?"

"Simzungushii mtu. Mwili umezoea. Nikifika mahali, nala pale mbele ya miiba tu, kisha nasogea, nyuma samadi inaotesha nyasi." Akavuta hatua mbili. "Na masikio yamezoea pia. Navuta, nangoja mtu aimbe."

Bi Ng'ombe akalia. Ng'ombe akilia halii kwa sauti, wanangu, macho tu yanateremka.

"Mzee wangu," akasema, "siku ile nilijua unasema kweli. Nilijua. Nikanyamaza kwa sababu ya miguu yangu. Nisamehe."

Punda akasimama. "Ulizaa nini?"

"Dume. Manyunyu."

"Anatembea?"

"Akiegemea."

"Na vipande vyangu? Mmeviweka wapi?"

Bi Ng'ombe akatazama chini. "Mchwa, Mzee."

"Vyote?"

"Vyote."

Masikio ya Punda yakalala. Vipande vile alivifunga mwenyewe, kimoja kimoja, ujanani mwake, na kila kimoja alikijua kwa uzito wake. Kisha akasema, "Mtoto hali miiba iliyoliwa na mchwa. Twende."

Wakarudi. Fisi akawaona, akapiga miayo, akawapisha. Yeye hakuwa na shida na wakubwa.

Punda akaingia, akamkuta Manyunyu amelala kifuani kwa Bi Kondoo. Akamnusa. Akasema, "Hapa hana siku tatu. Nyasi ziko ng'ambo ya uwanda. Tutampeleka."

"Fisi atamchukua njiani," Beberu akasema.

"Tutahama na ua. Mtoto awe ndani, ua utembee."

Hilo halikuwahi kufanywa. Zamani ua ulikuwa unahamishwa, ukifika unasimama. Ua unaotembea, nani ameuona? Lakini wakavunja matawi manne makubwa ya mgunga, wakasokota magome yakawa kamba. Punda akapanga. Bi Kondoo kulia, avute tawi la kulia. Bi Ng'ombe kushoto, avute la kushoto. "Mimi nyuma," akasema, "maana Fisi huja kwa nyuma."

"Na mbele?" Bi Kondoo akauliza. "Tawi la mbele halivutwi. Husukumwa, na miiba inamtazama msukumaji usoni."

Bwana Beberu akashuka kwenye jiwe lake. Akaenda mbele. Akaweka pembe zake kwenye tawi la miiba, akasema kwa sauti ndogo, "Mbeba miiba ni mimi leo."

Wakatoka. Kwaru, kwaru, kwaru, kwaru! Sauti nne, na katikati ndama anayeyumba. Hatua tatu, wanasimama, anapumua. Hatua tatu, wanasimama. Jua kali, vumbi linapanda. Fisi akawafuata, anazunguka, anacheka.

"Ninyi mmekuwa wendawazimu! Ua una miguu?"

Walikuwa wanavuta. Damu ikamtoka Beberu puani. Bi Kondoo anakohoa, anavuta. Kufika katikati ya uwanda, Manyunyu akapiga magoti. Puu!

"Inuka, mwanangu!" mama akasema.

"Siwezi, mama."

Fisi akaona. Akarudi nyuma, akajikunja, akaruka! Akaruka juu ya tawi la nyuma. Mzee Punda hakugeuka. Alimsikia tu. Akangoja, akangoja, kisha kwato mbili, pwaa! Zikamkuta Fisi hewani. Akaangukia miiba, ubavu mzima. Wuuu! Wuuu! Akakimbia anachechemea, miiba imemsimama kama nywele.

Lakini Manyunyu bado yuko chini. Hapo Bi Kondoo, aliyezoea kucheka wenzake wakicheka, akaanza peke yake, kwa kifua chake kibovu: *Vuta, Mzee, vuta...* Bi Ng'ombe akaitikia. Beberu akaitikia, miiba mdomoni. Ndama hakuwahi kuusikia wimbo huo tangu azaliwe. Masikio yakasimama. Akanyoosha mguu mmoja. Akanyoosha wa pili. Imbeni, jamani, mwinueni!

*Vuta, Mzee, vuta,*
*mbele nyasi zatungoja.*

Akainuka. Jua lilipoegemea magharibi pua yake nyeusi ikagusa nyasi mbichi. Akala. Wote wakasimama wanamtazama anavyokula, hakuna aliyekumbuka kwamba yeye pia ana njaa.

Tangu siku hiyo wakarudia kuhama. Wakafunga vipande vipya, na kila mmoja akavuta chake. Manyunyu akakua, akawa fahali, shingo kama gogo. Ila pale kwenye chemchemi nyasi hazikurudi. Mvua nyingi zimepita, minyaa bado imesimama, ndani yake ni vumbi. Bi Ng'ombe alikuwa akipita pale, anasimama kidogo, anasema, "Hapa palikuwa pazuri kupita pote." Kisha anakwenda.

Mwaka mwingine, asubuhi ya kuhama, Mzee Punda hakuinuka.

"Hameni," akasema. "Zimefika kwatoni."

"Hatukuachi, Mzee."

"Mtakula mizizi kwa ajili yangu? Hameni!"

Walitazamana. Wakimwacha, Fisi yupo. Wakikaa, nyasi zinakufa. Manyunyu akafikiri, akajifunga kamba. Akavuta kipande cha kwanza, cha pili, cha tatu. Akauhamisha ua wote kwenye nyasi mpya, lakini kona moja akaiacha palepale alipolala Punda. Siku ya tatu akauhamisha tena, na kona ile ile ikabaki kwa Punda. Wakahama hivyo wakimzunguka, ua unageuka, Mzee hasogei. Bi Ng'ombe akimletea majani mdomoni. Na kila walipohama walimwimbia, naye akisikiliza, macho amefumba.

Walikuwa wamemzunguka duara zima, wamefika upande walioanzia, alipokata roho. Na Manyunyu alipoangalia chini, nyasi za siku ile ya kwanza zilikuwa zimesharudi magotini.

Ndiyo hivyo, wakubwa kwa wadogo. Ardhi nayo huchoka. Ukitaka ikulishe wewe na mwanao, uile kidogo, uondoke, uiache ipumue. Na yule aliyekuvutia miiba miaka yote, usimwambie "kazi imekwisha" siku uliyoona umepata pa kulala.

Hadithi yangu imeishia hapo, ikiwa tamu ni ya shangazi Mbuke, ikiwa chungu ni ya mdomo wangu. Haya, inukeni, mbuzi wamerudi.