Ng'ombe wa Bi Namkunda

Haya, sogeeni hapa motoni. Mwenye kikohozi akamalizie nje. Midomo ifungwe, nisimsikie hata anayetafuna.

Huko milima ya Upare alikuwako mjane, Bi Namkunda, na wanawe watatu. Mbonea alikuwa na simu ya kupangusa, ya kuingia mtandaoni. Sefue alikuwa na mgongo. Gunia la viazi kwake kama mto wa kulalia. Nakiete, kitinda mimba, alikuwa na Kiingereza.

Ziwa la kushoto la Bi Namkunda likaota uvimbe. Wakampeleka hospitali, wakarudi naye. Uvimbe ukakua, ukatoboka. Kila akiuliza, wanawe humjibu, "Jipu tu hilo, mama." Kwao mgonjwa hatajiwi ugonjwa mzito, asije akakata tamaa. Wakamkanda kwa majani.

Siku moja akasema, "Nyinyi mnanionea huruma. Simu haina huruma. Atakayenisikilizisha inachosema juu ya jipu hili, ng'ombe wangu ni wake."

Lo! Huruma ya mwaka mzima ikaisha pale pale.

Mbonea akachomoa simu, akaweka bando.

Lakini kijijini mtandao haushiki, hushika juu jabalini tu. Sefue akambeba mama mgongoni, mama akiuma khanga yake asilie.

Huko juu Nakiete akaandika yote mama aliyoyaeleza. Akasoma jibu la simu, akaligeuza kwa Kiswahili.

"Huenda ni saratani, mama. Uvimbe ukiwa mdogo, wengi hukatwa wakapona. Ukishatoboka..."

"Ukishatoboka? Soma!"

"Kupona ni vigumu."

Bi Namkunda akautazama moshi wa jiko lake kule chini. "Uvimbe ulipokuwa mdogo, mlijua?"

"Daktari alituambia siku ile," Mbonea akasema. "Alitaka ukatwe. Tukaona utaogopa."

"Mlijua wote?"

"Wote, mama."

Mbonea akajikohoza. "Sasa, mama, bila simu yangu ungesikia?"

"Simu yako kule bondeni ni kioo cha kunyolea," Sefue akadakia. "Nani kamfikisha hapa?"

"Mngefika mkaikodolea macho kama mbuzi mbele ya redio," Nakiete akasema. "Nani kasoma?"

"Nishusheni, wanangu. Nasikia baridi."

Sefue hakuinama. "Sema kwanza, mama. Ng'ombe wa nani?"

Bi Namkunda akawatazama mmoja mmoja, akafunga mdomo. Walimshusha jua limezama, na hakuufungua tena kwa neno mpaka walipomzika.

Mbonea alirithi nyumba. Sefue alirithi migomba. Nakiete alirithi sanduku la khanga, na ile yenye alama za meno imo. Ng'ombe bado yuko zizini. Jirani ndiye humkamua, maana hakuna anayekubali mwenzake amguse.

Haya, fungueni midomo sasa. Mwenye simu, mwenye mgongo, mwenye kusoma: wote walimpa mama ukweli aliouomba, na wote walimnyima ulipokuwa na faida. Ahadi ya marehemu bado iko pale pale.

Je, wewe kamba ya ng'ombe ungemshikisha nani?