Bi Nungu na Jina la Mbegu

Paukwa!

— Pakawa!

Pakawa nini?

— Pakawa moto, pakawa mkeka, pakawa na masikio!

Basi yafungueni yote, msiyafungue nusu.

Hapo kale, zamani za zamani, wanyama walipokuwa wakilima na kuvuna kama sisi, alikuwako mjane mmoja, Nungunungu, waliyemwita Bi Nungu. Bi Nungu alipenda maneno. Hakupenda maneno mengi; alipenda maneno sawasawa. Shambani kwake mtama ulikuwa na bua, bua lilikuwa na suke, suke lilikuwa na punje. Punje zikisagwa ni unga. Unga ukisongwa ni ugali. Mtu akisema, "Leo nasonga mtama," miiba ilimsimama Bi Nungu mgongoni, cha! cha! cha!

"Husongi mtama, Ngiri. Unasonga ugali."

"Tumbo langu halijui tofauti, bibi."

"Tumbo lako halina ulimi. Wewe unao. Utumie."

Majirani walimcheka. Walipompitia asubuhi walimwuliza, "Bi Nungu, maneno yameamkaje?" Naye alijibu, "Yangu yameamka salama. Lako naona limelalia ubavu."

Lakini kila baada ya mavuno hakuna aliyecheka. Kila nyumba ilichagua masuke yake bora ikayapeleka kwa Bi Nungu, yakafungwa darini, juu ya mafiga, moshi uyalinde na wadudu. Bi Nungu aligusa kila suke akasema, kama alivyosema mama yake, na mama wa mama yake: "Jana ulikuwa mtama. Leo u mbegu."

Na wote waliitikia: "Mbegu!"

Tangu siku hiyo hakuna aliyeyagusa. Punje zilikuwa zile zile, na utamu ule ule. Kilichozizuia zisiliwe ni jina tu.

Mwaka mmoja mvua ikakatika. Mtama ukakauka shambani. Maghala yakafagiliwa, yakafagiliwa tena, mpaka ufagio ukawa unafagia udongo.

Hapo Fisi, mpiga mbiu wa Jumbe Nyati, akaenda kwa bwana wake. Akainama akasema, "Jumbe, tunakufa kwa sababu ya maneno. Mtama, akiba, mbegu: si punje zile zile? Vyote tuviite chakula, tule."

Jumbe Nyati alisikiliza. Tumbo lake nalo lilisikiliza. "Kapige mbiu," akasema.

Fisi akapuliza baragumu kijiji kizima: "Sikieni! Kuanzia leo hakuna mbegu! Kuna chakula! Na chakula kiko kwa Bi Nungu!"

Bi Nungu alikuwa ndani, amempakata mjukuu wake anayelia njaa. Miiba ikamsimama. Hakuna mbegu? Zimekwenda wapi? Jumbe anafuta jina kama anavyofuta jasho? Na hao wote walioitikia kwa sauti wakati wa mavuno, leo wamenyamaza!

Fisi akafika. "Hodi, bibi. Nimekuja kuchukua kile chakula."

"Humu hamna chakula. Kingekuwamo, mjukuu wangu asingelia."

Mlango ukafungwa, pa!

Fisi akarudi. "Hodi, bibi. Nimekuja kuchukua ule mtama."

"Mtama uliishia ghalani, nawe ulikuwa wa kwanza kuukomba."

Mlango ukafungwa, pa!

Jua lilipowaka utosini, mjukuu akanyoosha kidole juu. "Bibi, kile pale tule."

Bi Nungu akatazama juu. Mkono wake ukainuka wenyewe. Akasikia mdomo wake ukisema, "Ni mtama tu, mwanangu, kidogo tu…"

Akajipiga kofi la mdomo. Asubuhi yote alikuwa amemkasirikia Fisi. Sasa aliukasirikia ulimi wake mwenyewe. Aliona jinsi ilivyo rahisi. Jina limebadilika, na mkono umeshafika darini! Akamfunga mjukuu mgongoni kwa kanga nene, miiba isimchome, akakaa mlangoni.

Fisi akarudi mara ya tatu. Safari hii alikuja na Jumbe Nyati, na nyuma yao kijiji kizima, macho yamewatoka.

"Hodi, bibi yangu," Fisi akasema kwa sauti ya asali. "Nimekuja kuchukua vile… vile vitu vya huko juu."

"Vitu!" Miiba ikalia cha! cha! cha! "Kwanza kilikuwa chakula. Kisha kikawa mtama. Sasa ni vitu! Unaogopa hata kukitaja unachokitaka?"

"Bi Nungu," Jumbe akasema, "watu wana njaa. Acha ushindani wa maneno."

"Hata mimi nina njaa, Jumbe. Huyu mgongoni ana njaa. Sitaziba mlango. Ila desturi ni moja: masuke haya yalipopanda darini yalitajwa mbele ya wote. Yakishuka, yatajwe mbele ya wote. Fisi ataje anachokula, aingie ale wa kwanza."

"Jambo dogo," Jumbe akasema. "Fisi, taja."

Fisi akacheka, akasimama kizingitini. "Nakula chakula!"

"Chakula kilipanda lini humu?" Bi Nungu akauliza. "Kuna aliyeitikia 'chakula'?"

Fisi akajaribu neno jingine.

"Nakula akiba!"

"Akiba mliila wote, mkalamba na vidole. Taja!"

Fisi akatazama nyuma. Akawaona akina mama. Akawaona watoto. Mate yakamjaa. Akafumba macho. "Nakula mbe… Nakula mbe… mbegu zenu!"

Neno likatoka. Nalo lilikuwa halijasikika tangu mbiu ipigwe. Mama Swala, tumbo kubwa, akajipenyeza mbele.

"Mbegu? Ya kwangu imo humo?"

"Imo. Suke lako ni lile lililofungwa kwa ukindu mwekundu. Ulilifunga mwenyewe."

"Basi huyu anataka kula shamba langu la mwaka ujao, nami mtoto sijamzaa!"

"Na langu!" akasema Ngiri.

"Na langu!" wakasema wengine. "Mbegu! Mbegu! Mbegu!"

Jumbe Nyati akainamisha pembe. "Mimi niliambiwa ni chakula."

"Uliambiwa ukapokea," Bi Nungu akamjibu, "kwa sababu ulitaka kula bila kujua unakula nini. Usimsingizie Fisi peke yake. Yeye alileta neno bovu. Ninyi nyote mkalinunua."

Ngiri akakuna pua. "Bibi, pua hii inajua viazi mwitu vilipo. Twende tukachimbe. Na ninavitaja mapema: viazi. Vichungu, lakini viazi."

Wakachimba. Mjukuu wa Bi Nungu alikonda, lakini alisimama. Mvua iliporudi, masuke yalishuka darini, kila moja kwa jina lake, yakaenda shambani.

Na Fisi? Akiona nafaka alitaka kuomba, lakini kila akifungua kinywa alikumbuka lile neno na yale macho, kikatoka kicheko tu, hi hi hi! Akaacha nafaka, akaenda kutafuna mifupa isiyomwuliza jina. Na Nungunungu, ukimsikia porini miiba ikilia cha cha cha, jua kuna mtu karibu amesema neno ovyo.

Ngano yangu naifunga darini hapo. Funzo lake ni hili: anayetaka kukunyang'anya kitu huanza kwa kukinyang'anya jina lake. Mwambie akitaje!

Na wewe hapo pembeni, uliyesema "nipitishie lile dude," lile ni kata. Liite kata, ndipo utakunywa maji.