Sauti Nyuma ya Mkeka

Mvua ya Kyela haina adabu. Hainyeshi, inamwagika, na ikishaanza haijui mkubwa wala mdogo. Ndiyo maana kibanda kilichokuwa kando ya kanisa la Mwaya, ingawa kilikuwa kidogo na kimeinama kama mzee, kilipendwa kuliko nyumba nyingi: paa lake lilikuwa halivuji.

Mwaka wa pili baada ya vita vya Hitla, kila Ijumaa mchana, walikutana humo watu wazima ambao kwingine kote waliambiwa wakae pembeni wasije wakakanyagwa. Vipofu, viwete, viziwi. Walikutana kuimba.

Aliyewaongoza alikuwa Yotamu, kijana wa Ikombe, mtoto wa mfinyanzi. Shule aliiacha darasa la tatu, siku alipomwambia mwalimu mbele ya darasa zima kwamba anaimba kama mbuzi aliyekanyagwa. Tangu hapo hakutulia. Alivua samaki akachoka, alilima mpunga akachoka. Mdomo wake haukuwa na mlango. Lakini Ijumaa haikumpita hata mara moja.

"Nsajigwa, unapiga ngoma au unatwanga?" aliuliza siku moja.

Nsajigwa alikuwa askari wa Keya, jeshi la Mwingereza. Alirudi kutoka Burma mzima wa viungo, masikio yamekufa. Mapigo aliyafuata kwa kuangalia mkono wa Yotamu, na maneno aliyasoma mdomoni mwa mtu.

"Natwanga," alijibu. "Lete mpunga wako."

Wote wakaangua kicheko. Aliyecheka zaidi alikuwa Mzee Ambilikile, kipofu mwenye sauti nzito kama jiwe la kusagia. Yeye ndiye aliyeanzisha nyimbo. Aliyemwitikia alikuwa Anyisile, na sauti ya Anyisile ilitoka nje, nyuma ya ukuta wa mianzi.

Anyisile alipooza miguu tangu utotoni, akawa anajikokota kwa mikono. Aliolewa na mtoto wa Mzee Ambilikile, na kwa Wanyakyusa mke wa mtoto hamtazami baba mkwe. Hamtaji jina, haketi naye chini ya paa moja. Wenye miguu wakimwona njiani hukimbilia migombani. Anyisile hakuweza kukimbia, basi alikaa nje na jani la mgomba kichwani, akaimba kutoka huko. Yotamu alimhurumia, akamtukana kwa huruma hiyohiyo: "Utakufa na kichomi, mama, halafu nitapata wapi sauti nyingine?"

Basi mwaka ule mpunga ulikubali kupita kiasi. Mzee wa kanisa aliyeitwa Lameck akasimama kwenye kikao akasema, "Mpunga wa kanisa unalowa, na kibanda kizuri kinatumika kwa kelele."

Mchungaji Hezroni hakupenda ugomvi. Akaamua hivi: Siku ya Mavuno watu wa kibanda waimbe mbele ya wote. Wakiimba vizuri, kibanda ni chao. Wakishindwa, mpunga uingie.

Yotamu hakulala vizuri wiki nzima. Alijua Ijumaa ikifa, wenzake watarudi kukaa uani na kuku, wakisubiri kupewa chakula. Akaona dawa ni moja: waimbe kama kwaya kubwa aliyowahi kuiona misheni. Mistari miwili iliyonyooka, nyuso kwa watu. Akamfuata Anyisile.

"Siku hiyo utakaa mstari wa mbele."

"Karibu na mkwe wangu? Una wazimu?"

"Mkweo haoni. Unamkimbia nini?"

"Yeye haoni. Mimi naona."

"Sauti ikitoka migombani watasema kwaya yangu ina pepo! Unataka kibanda au hutaki?"

Kibanda Anyisile alikitaka kuliko kitu chochote. "Haya," alisema mwishowe. "Nitafumba macho."

Mzee Ambilikile hakuambiwa kitu.

Siku ya Mavuno jua liliwaka, uwanja ukajaa. Yotamu akawapanga kama mahindi shambani. Mzee akaanzisha, sauti ikatambaa mpaka barabarani. Anyisile akaitikia. Hatua mbili tu kutoka alipokaa mzee.

Wimbo ukakatika. Mzee akageuka, akawapa watu mgongo, akajifunika shuka usoni. Anyisile naye akavuta kitambaa mpaka kidevuni. Nsajigwa, maskini, alikuwa ameinama juu ya ngoma yake. Akaendelea kupiga peke yake, kwa bidii, wimbo usio na mtu. Vijana wakacheka. Wanawake hawakucheka.

"Aibu gani hii?" mmoja alisema. "Mkwe na mkwe!"

Lameck akasimama. "Tumeona. Kesho mpunga uingie."

Miguu ilimwambia Yotamu kimbia, kama ilivyomwambia siku zote. Safari hii hakuisikiliza. Akamgusa Nsajigwa bega anyamazishe ngoma, kisha akapiga magoti nyuma ya mzee.

"Tata, baba yetu, nimekosa."

"Umekosa," sauti ilitoka ndani ya shuka. "Umeona macho yangu yamekufa, ukadhani na heshima yangu imekufa."

"Nilitaka tufanane na kwaya za wenzetu."

"Wenzetu wana kwao. Sisi hatuna kwetu?"

Yotamu akaanza kulia kama mtoto. Ndipo Anyisile, ambaye hakuweza kumsemesha mkwe wake, akamsemesha Yotamu kwa sauti ya kusikika mpaka ziwani: "Wewe Yotamu, acha kulia. Tafuta mkeka!"

Pembeni ya uwanja palikuwa na mkeka mpana wa kuanikia mpunga, na mwenyewe alikuwa Naomi, mke wa Lameck. Kabla Yotamu hajafungua mdomo, Naomi alikwisha kumwaga mpunga kwenye ungo.

"Chukua. Mume wangu atapiga kelele, lakini kelele zake hazina wimbo."

Wanawake wawili wakausimamisha mkeka. Mzee akabaki upande huu, Anyisile upande ule. Mistari ikavunjika, kila mtu akakaa alivyozoea kukaa Ijumaa. Yotamu akaketi chini kwenye ukingo wa mkeka, akainua mkono ili Nsajigwa auone.

Mzee akauliza kwa wimbo, kwa Kinyakyusa: mvua imeingia nyumbani, nani ameamka kuziba? Sauti nyuma ya mkeka ikajibu: nimeamka mimi niliyeolewa kwako nikaja na kikapu kimoja, moto wako haujazimika. Hapo watu wakasogea karibu. Hapakuwa na mwanamke pale ambaye hakuwahi kumjali mkwe wake kupitia ukutani, wala mzee ambaye hakuwahi kuota moto uliowashwa na mtu asiyemwona.

Bibi mmoja akapiga kigelegele. Kisha hawakuzuilika. Wanawake wakapita upande wao wakicheza, wakamfunga Anyisile vitambaa mabegani, wakamwekea mayai na kuku mapajani. Wanaume wakapita upande wao, mzee akajazwa ndizi mpaka akawa haonekani. "Ndaga fijo," alishukuru, "lakini mtanizika!" Nsajigwa aliona tu midomo ya watu na miguu yao, akatwanga ngoma yake machozi yakimtoka.

Wa mwisho alikuwa Lameck. Alikuja polepole, uso umekunjamana, akavua kofia yake mpya akamvalisha Nsajigwa. Halafu akamgeukia mchungaji.

"Mpunga utalala kwangu," alisema. "Naomi atasogeza kitanda."

Yotamu akabaki chini palepale, kijana aliyetaka kuazima uzuri wa watu wengine, akiwatazama watu wake wakizawadiwa kwa ule waliokuwa nao. Tangu siku hiyo, akiulizwa kwa nini kwaya yake haisimami kwenye mistari, alijibu kwa maneno matatu tu: mcheza kwao hutunzwa.