Kenge Alivyokwenda Kumwona Mzazi

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakipigiana hodi kama sisi, palikuwa na bwawa lililojaa ndege. Mvua zilikwisha, maji yakaanza kupungua, na kila ndege alikuwa akiatamia mayai. Kelele zake sasa! Twi-twi huku, kwaa-kwaa kule!

Mama Kitwitwi, ndege mdogo wa miguu myembamba, hakujenga kiota. Alitaga mchangani, peupe kabisa, na mayai yake yakafanana na kokoto. Unapita, huyaoni.

Siku moja, mumewe akiwa ametoka kutafuta minyoo, akaja Kenge, kapu mkononi.

"Hodi, shemeji! Nimekuja kumwona mzazi."

Hebu niambieni, watoto: nani huenda kumwona mzazi na kapu tupu? Hata uji hana! Mwongo mkubwa!

Mama Kitwitwi alikwisha kumwona tangu mbali. Akakimbia upande wa pili, akajibwaga chini. Pu!

"Karibu, shemeji... uwii! Bawa langu limevunjika!"

"Pole sana," akasema Kenge, mate yakimtoka. "Na watoto wako wapi?"

"Huku, kwenye matete. Nifuate."

Kenge akacheka moyoni: leo nakula mama, nakula na mayai!

Mama Kitwitwi akaburura bawa, kra-kra-kra. Kenge akamrukia. Hap! Akakosa. Hap! Mchanga tele mdomoni.

"Shemeji, mbona unanirukia?"

"Tfu! Nakusaidia kuinuka!"

"Ahsante! Basi nisaidie tena, hapa hapa."

Kenge akajitupa kwa nguvu zake zote. Bwata! Akatua juu ya kitu kinene, laini, chenye joto. Lahaula! Mtoto wa kiboko, amelala mateteni, na mama yake ubavuni.

"NANI HUYO JUU YA MWANANGU?"

"Ni-nimejikwaa, mama!"

"Jikwae mpaka ng'ambo!"

Kiboko akamtupa kwa pua. Vuuuu... chubwi! Kapu lilifuata nyuma.

Mama Kitwitwi akakunjua bawa lake zima, purr! akarudi kwenye mayai. Bado yalikuwa na joto.

Mumewe akaingia na minyoo. "Mke wangu, naona nyayo. Tulikuwa na mgeni?"

"Tulikuwa naye. Amepitiliza."

Ndiyo hivyo, wanangu: mwenye nia mbaya akikuuliza njia, mpe ile ndefu.