Siku Malkia Domitila Alipovua Taji

Mpo, wajukuu? Mpo kweli, au miili tu? Haya, leteni masikio.

Zamani hizo, bibi yangu hajafikiriwa hata kuzaliwa, hapa kwetu San Telesforo kulikuwa na kanivali ya siku nne. Nne! Anayewaambia tatu ni mwongo. Mji ulichagua malkia, malkia akavikwa taji, na siku ya kwanza akasoma amri: ni marufuku kuhuzunika. Siku ya mwisho watu wakamzika Mzee Kanivali, yaani sherehe yenyewe. Si maiti ya kweli, we Remedios, tulia! Mtu mzima alilala jenezani akajifanya amekufa, na wanaume wakavaa magauni meusi wakamlilia kama wajane.

Na sharti lilikuwa moja: malkia akivua taji kabla jua la siku ya mwisho halijazama, kanivali imekwisha, naye halivai tena maishani.

Mwaka huo malkia alikuwa Domitila, fundi cherehani. Alikuwa ameliota taji hilo tangu utotoni. Aliyelala jenezani alikuwa babu yake, Mzee Anselmo, mlafi, mlafi, mlafi! Alificha mkate wa mahindi chini ya shuka, na jeneza likibebwa, yeye anatafuna.

Mkate ukamkwama. Akatupatupa miguu, macho yakamtoka. Watu je? Wakashangilia!

"Tazama, anakufa mara ya pili!"

"Mzee ana kipaji huyu!"

Domitila akaona. Akapiga kelele, "Babu anakufa! Jamani, anakufa kweli!"

Lo! Wajane wote wakaitikia, "Anakufa kweli! Uuuwi, mume wangu!" Yeye analia, wao wanalia. Yeye anawavuta magauni, wao wanamvuta gauni lake. Ngoma zinazidi. Nani analia, nani anaigiza? Mimi nimesimulia kisa hiki miaka yote na hapa bado kichwa kinanizunguka. Maskini, hata yeye alijishika kifua akajiuliza kama labda babu anatania tu.

Kisha akaona midomo ya babu imegeuka rangi.

Akavua taji. Akaliweka chini, vumbini, mbele ya watu wote.

Ngoma zikanyamaza, moja baada ya nyingine. Watu wakatazamana. Imekwisha? Jua si bado lipo? Tufanye nini? Hakuna aliyejua. Na katika kimya kile wakasikia koo la mzee: khrr, khrr.

Kasimiro mchinjaji, na gauni lake la ujane, akaruka. Akamgeuza mzee kifudifudi, akampiga mgongoni, moja, mbili, tatu! Mkate ukatoka.

Mzee Anselmo akakaa jenezani, anahema. Akaliona taji chini. Akaelewa.

"Mjukuu wangu," akasema, machozi yanamtoka, "umetupa umalkia kwa ajili ya mzee mlafi?"

"Babu, nyamaza," Domitila akamwambia, amemshika mkono kwa mikono yake miwili. "Nyamaza upumue. Nataka kukusikia ukipumua."

Na hakulivaa tena, wajukuu. Waliomwita malkia walikuwepo, waliosema si malkia walikuwepo, wakabishana mpaka wakazeeka. Yeye alirudi kwenye cherehani yake, na babu akaishi miaka sita zaidi.

Basi ninyi, mtu akilia mbele yenu, hata siku ya kicheko, mwulizeni kwanza ana nini. Kucheka kutawasubiri.

Nimeutua mzigo wangu hapo. Anayeutaka aubebe, asiyeutaka aniletee maji ya kunywa.